MALI BILA DAFTARI

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama na wanafunzi wa Kidato cha Tano na cha Sita katika mkutano wa mwaka wa Wanafunzi wa Zamani

 

Nimeombwa niseme machache yatakayowafaa vijana wanaojiandaa kwenda chuo kikuu. Najua wenzangu watawaeleza habari za mikopo, za kuchagua kozi na za kutafuta kazi. Mimi nimechagua jambo dogo ambalo si kawaida kutajwa katika mikutano kama huu. Nalo ni utunzaji wa marejeo ya utafiti, na hasa namna ya kuanza kutumia programu ya kompyuta iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Nimelichagua kwa sababu sisi tunaofanya kazi katika maktaba za vyuo huwaona vijana hodari, waliosoma sana na kufikiri vizuri, wakihangaika katika wiki ya mwisho ya masomo yao kwa kukosa kitu hiki kimoja.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakimwambia mwenye duka. Lakini msomaji naye ni mwenye mali. Kila kitabu anachosoma, kila makala, kila mazungumzo na mzee wa kijiji, ni bidhaa aliyoiingiza ghalani. Asipoandika ameipata wapi, lini na kwa nani, siku ya hesabu hataweza kusema ipi ni yake na ipi ni ya watu.

Kutaja chanzo si jambo la kigeni

Wapo vijana wanaodhani kwamba mambo ya marejeo ni usumbufu ulioletwa na wazungu wa vyuo vikuu. La hasha. Waliosoma madrasa wanajua kwamba hadithi ya Mtume haipokelewi hivi hivi. Huulizwa kwanza: fulani kaipokea kwa nani, na huyo kaipokea kwa nani, mpaka mnyororo ufike mwisho. Mnyororo ukikatika mahali, wanazuoni huitilia shaka hadithi hiyo hata kama maneno yake ni mazuri. Kadhalika watunzi wengi wa tenzi za pwani walikuwa na desturi ya kujitaja mwishoni mwa utenzi, na wengine walitaja hata mwaka. Walijua kwamba maneno yanayotembea bila mwenyewe hupotea njia.

Kwa hiyo anapoandika mtafiti wa leo jina la mwandishi, mwaka, kichwa cha kitabu, mchapishaji na ukurasa, anafanya jambo lile lile. Analipa deni kwa aliyemtangulia, na anampa msomaji njia ya kwenda kuhakikisha mwenyewe.

Sasa tazameni yanayotokea mahali ambapo desturi hiyo haikujengwa mapema. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaandika tasnifu. Kwa muda wa miezi minane amesoma vitabu na makala sitini. Nyingine alizisoma kwenye simu, nyingine maktabani, nyingine katika nakala ya rafiki. Usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi, anaona katika sura yake ya pili hoja nzuri sana, lakini hakumbuki aliitoa wapi. Kitabu kimekwisha kurudishwa na mtu mwingine amekiazima. Hapo ana njia tatu tu. Aiondoe hoja, na kazi yake ipungue nguvu. Abuni ukurasa, na huo ni uongo. Au aiache hoja kama yake mwenyewe, na huo ni wizi. Mara nyingi wizi wa maandishi hauanzi kwa nia mbaya. Huanza kwa daftari lisiloandikwa.

Programu yenyewe ni kitu gani

Zamani mtafiti alikuwa na kisanduku cha kadi za karatasi ngumu, inchi 3 kwa 5. Kila kitabu kilikuwa na kadi yake, na kadi zilipangwa kwa alfabeti. Programu ninayoisema ni kisanduku hicho hicho kilichowekwa ndani ya kompyuta, ila kina mikono. Kinaweza kujaza kadi chenyewe, kutafuta kadi kwa neno moja, na kuandika orodha ya marejeo mwishoni mwa tasnifu yako.

Programu hizi ni nyingi. EndNote ni ya miaka mingi nayo huuzwa. Mendeley ilianza mwaka 2008 ikanunuliwa na kampuni ya Elsevier mwaka 2013. Hutolewa bure, lakini ni mali ya kampuni hiyo. Zotero ilitolewa mwaka 2006 na kituo cha historia cha Chuo Kikuu cha George Mason, huko Virginia, Marekani. Jina lake limetokana na neno la Kialbania lenye maana ya kumiliki kitu au kukijua barabara.

Nawashauri muanze na Zotero kwa sababu tatu. Kwanza, ni bure, wala si bure ya mwezi mmoja wa kuonjeshwa. Pili, inakaa ndani ya kompyuta yako, hivyo ukishaiweka unaweza kupanga marejeo na kuandika maelezo hata kama bando limekwisha. Tatu, siku ukitaka kuhama unaweza kuyatoa marejeo yako yote ukaenda nayo kwenye programu nyingine. Mtu asiweke nafaka yake katika ghala ambalo ufunguo wake anao mwingine.

Namna ya kuanza

Hatua ya kwanza ni kupakua vitu viwili kutoka zotero.org. Cha kwanza ni programu yenyewe, ambayo hufanya kazi katika kompyuta za Windows, za Mac na za Linux. Cha pili ni kiungo kidogo kinachopachikwa kwenye kivinjari, yaani ile programu unayofungulia kurasa za intaneti, kama vile Firefox au Chrome. Wengi huweka cha kwanza wakasahau cha pili, kisha wakasema programu ni mbovu.

Hatua ya pili ni kufungua akaunti, ili marejeo yako yahifadhiwe pia nje ya kompyuta yako. Kadi na maelezo havina kikomo. Faili za makala unazoambatisha ndizo zenye kikomo cha megabaiti 300 bila malipo. Hata hivyo msitegemee mahali pamoja. Kila mwisho wa mwezi funga programu, kisha nakili folda iitwayo Zotero na kuiweka kwenye flashi. Kompyuta huibiwa, huungua umeme unaporudi kwa nguvu, na humwagikiwa chai.

Hatua ya tatu ni kutengeneza mafungu. Ukiwa na sura tano, tengeneza mafungu matano. Kadi moja inaweza kukaa katika mafungu mawili au matatu bila kuandikwa mara mbili, jambo ambalo kisanduku cha karatasi hakikuliweza.

Hatua ya nne ni kuingiza marejeo, na njia ni tatu. Ukiwa umefungua makala kwenye intaneti, bonyeza alama ya kiungo juu ya kivinjari, na kadi itajijaza. Ukiwa na kitabu mkononi, tazama nyuma yake uone namba ya ISBN. Tangu mwaka 2007 ina tarakimu 13, na vitabu vya kabla ya hapo vina tarakimu 10. Bonyeza alama ya kijiti kama cha mtu wa mazingaombwe, andika namba hiyo, na mara nyingi kitabu kitapatikana. Makala za majarida nazo huwa na namba ya kudumu iitwayo DOI, inayoanza na 10 na nukta, nayo hutumika vivyo hivyo. Njia ya tatu ni kuandika kwa mkono. Msiidharau njia hiyo, maana nitairudia.

Hatua ya tano ni kuandika maelezo ndani ya kadi siku ile ile unaposoma, pamoja na namba ya ukurasa. Maneno ya mwandishi yatie alama za kunukuu. Maneno yako yaache bila alama. Usipofanya hivyo, baada ya miezi sita utayasoma maelezo yako usijue nani anasema.

Hatua ya sita ni wakati wa kuandika. Zotero huongeza vitufe vyake ndani ya Word na LibreOffice. Ukifika mahali pa kutaja chanzo unabonyeza, unachagua kadi, na rejeo linaingia. Mwishoni unabonyeza mara moja, na orodha yote inatoka imepangwa. Msimamizi akisema anataka mtindo mwingine, unaubadilisha kwa dakika moja. Mitindo iliyopo katika hazina yao inazidi 10,000.

Na asiye na kompyuta? Ipo Zotero ya simu. Ipo pia ZoteroBib, inayopatikana zbib.org tangu mwaka 2018, ambayo haihitaji akaunti wala kuwekwa kwenye kifaa. Hiyo yafaa kwa insha moja yenye marejeo kumi. Na asiye na simu aanze na daftari la kurasa 96, alipige mistari, aandike mwandishi, mwaka, kichwa, mchapishaji, ukurasa. Atakapopata kompyuta atakuwa ameshinda nusu ya safari.

Mahali ambapo mashine haitujui

Ndugu zangu, hadi hapa nimesifu. Sasa niseme mahali ambapo mashine hukosea, kwa sababu hapo ndipo penye jambo kubwa la hotuba yangu.

Mashine hizi zilitengenezwa na watu wanaodhani kwamba kila mwandishi ana jina la kwanza na jina la ukoo. Mwambie mwandishi wa waraka ni Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, nayo italikata jina hilo vipande, na orodha yako itasomeka kana kwamba bwana mmoja wa ukoo wa Tanzania, jina lake la kwanza likianza na herufi J, ndiye aliyeandika sera ya elimu. Dawa yake ipo. Pembeni mwa nafasi ya jina kuna kitufe kidogo kinachogeuza nafasi mbili kuwa moja. Wizara, tume, vyama na mashirika yote yaandikwe humo.

Majina ya watu nayo yana mashaka. Ngũgĩ wa Thiong'o utamkuta katika orodha moja chini ya N, katika nyingine chini ya T, na katika nyingine chini ya W. Uliza idara yako inafuata utaratibu gani, kisha ushike huo huo tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Vichwa vya vitabu vya Kiswahili pia huharibika. Mitindo fulani huweka herufi kubwa mwanzoni mwa kila neno kwa desturi ya Kiingereza. Katika kadi kuna nafasi ya lugha. Andika humo herufi mbili, sw, na programu itaacha kichwa chako kama kilivyo.

Lakini lililo zito zaidi ni vitabu na watu ambao mashine haiwafahamu kabisa. Vitabu vilivyochapwa kabla ya miaka ya 1970 kwa kawaida havina ISBN. Vijitabu vingi vya Kiswahili, ripoti za wilaya, risala, majarida ya shule, havina namba yoyote. Mzee uliyemhoji kijijini hana DOI. Mwanafunzi mvivu huchukua tu yale yanayoingia kwa kubonyeza. Matokeo yake ni tasnifu juu ya kijiji cha kwetu yenye marejeo arobaini kutoka Ulaya na Marekani, bila hata moja kutoka kijijini. Hakukusudia kuwadharau watu wake. Alifuata kitufe.

Chukueni mfano wa Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840. Mashairi yake hayakuchapwa enzi ya uhai wake. Baadaye, katika karne hiyo hiyo, Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyakusanya na kuyaandika, akishirikiana na Mwingereza W. E. Taylor. Mwaka 1940 yalichapwa Johannesburg kwa jina la Diwani ya Muyaka, mhariri akiwa William Hichens. Sasa mwanafunzi akiingiza kitabu hicho katika programu, atajaza nafasi ya mwandishi, Muyaka, na nafasi ya mhariri, Hichens. Mwalimu Sikujua yuko wapi? Bila kazi yake sehemu kubwa ya mashairi hayo huenda tusingeyajua leo, lakini hakuna kitufe kitakachomkumbuka. Zotero inayo nafasi ya mchangiaji, na inayo nafasi ya maelezo. Anayejua historia atalijaza jina lake humo kwa mkono, na ndani ya tasnifu atamtaja. Asiyejua atampita.

Ndiyo maana nikasema msidharau kuandika kwa mkono. Kwa mahojiano, programu ina kadi yake maalumu. Weka jina la aliyehojiwa, kwa idhini yake, weka mahali na tarehe. Mzee aliyekupa saa tatu za kumbukumbu zake anastahili mstari mmoja katika orodha yako kama anavyostahili profesa wa London.

Rejeo lisilokuwapo

Jambo la mwisho ni onyo. Siku hizi kuna mashine za akili mnemba, kama ChatGPT, ambazo ukiziomba marejeo hukupa orodha nzuri, yenye majina, miaka na kurasa. Mara nyingine vitu hivyo havijapata kuwako duniani. Mwaka 2023 mjini New York, mawakili wawili na ofisi yao walitozwa faini ya dola 5,000 na mahakama, kwa sababu walipeleka maombi yaliyotaja hukumu ambazo hazikuwahi kutolewa. Zilibuniwa na mashine, wao hawakwenda kuzitafuta, na hata walipoulizwa waliendelea kuzitetea. Kama jambo hilo limewafika watu wenye shahada na leseni, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ajihadhari mara mbili.

Kanuni ni nyepesi: usiweke kadi ya kitu ambacho hukukiona kwa macho yako. Tena hata kilichopo kweli chaweza kuwa kimebatilishwa. Mwaka 1998 jarida la The Lancet lilichapa makala iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na ugonjwa wa usonji. Mwaka 2010 jarida lenyewe liliifuta, lakini makala hiyo bado inazunguka. Tangu mwaka 2019 Zotero humwonya mtumiaji ikiwa makala aliyo nayo imo katika orodha ya zilizofutwa. Ukiona onyo hilo, usilipite.

Maombi yangu

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa maombi matatu.

Kwenu wanafunzi: msingoje chuo kikuu. Wiki hii hii andikeni kadi za vitabu vitano mlivyosoma muhula huu. Mtakapofika mwaka wa tatu mtakuwa na hazina, na wenzenu watakuja kuazima kwenu.

Kwenu walimu wetu: nawaombeni, hata katika insha ya kurasa mbili, mumuulize kijana amelipata wapi neno lake. Mkimuuliza mara kumi hapa, huko mbele hatahitaji kuulizwa.

Kwetu wanachama: nimefurahi kusikia katika taarifa ya mweka hazina kwamba tunafikiria kununua kompyuta kwa ajili ya maktaba ya shule. Zikija, ziwekwe programu hii siku ya kwanza, maana haitatugharimu shilingi. Nami napendekeza kazi ya kuanzia. Zotero inaruhusu watu wengi kujaza hazina moja kwa pamoja. Tufungue hazina ya shule yetu, tuingize humo kila toleo la jarida letu, kila risala ya mahafali tuliyo nayo majumbani, kila kitabu kilichoandikwa na mtu aliyesoma hapa. Hakuna hata kimoja kitakachoingia kwa kubonyeza. Vyote vitataka mkono wa mtu anayejua kilipo, na baadhi ya mikono hiyo sasa imezeeka. Mimi niko tayari kuwafundisha vijana kumi wa kwanza katika likizo ijayo, hapa hapa shuleni, na wao wawafundishe wengine. Mwenye matoleo ya zamani ya jarida letu aje nayo tuyaandike, kisha atarudi nayo nyumbani.